Wajomba Walioko Ujerumani

Mtoto aliyezaliwa Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, baba Mmakonde wa Newala na mama Mjerumani, ni wa ukoo gani? Cheti cha kuzaliwa kitataja jina la baba, na RITA, wakala wa usajili, haitauliza zaidi. Mzee wa Newala aliyelelewa kimila atataka kujua jambo jingine kabisa: mama yake ametoka kwa nani, na kaka za mama huyo wako wapi? Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, makabila makubwa ya wilaya hizi mbili, ukoo hufuata tumbo la mama. Kwa hesabu hiyo mtoto yule ana jina la Newala na ukoo wa kijiji fulani cha Bavaria ambacho baba yake hata kukitamka kunamshinda.

Hapo ndipo maneno ya mtaani yanapokosa mashiko. Familia ya namna hii ikitangaza tu kwamba inakwenda Ujerumani na watoto, utasikia: wanakwenda kula bata, wana pesa za kuchezea, si wangemalizia nyumba kwanza? Wasemaji wenyewe ni watu ambao kila mwaka huchanga mamia ya maelfu ya shilingi kwa ajili ya sherehe za jando na unyago, na hakuna anayewaita wafujaji. Mtoto akipelekwa kwa wajomba zake ametimiziwa haki yake ya kimila, hata kama wajomba wenyewe ni weupe na wanaishi mahali ambapo theluji huanguka. Safari ya watoto kwenda kwa ndugu wa Ujerumani ni jambo la ukoo, na inafaa kupangwa, kuchangiwa na kuheshimiwa kama mambo mengine yote ya ukoo.

Zamani mjomba hakuwa jina tu katika uwanda wa Makonde. Ndiye aliyekuwa akiridhia kijana aende jandoni. Mpwa wa kike alipochumbiwa, neno lake ndilo lililosubiriwa. Alipofariki, mali yake ilikwenda kwa watoto wa dada yake, na watoto wake mwenyewe wakatazama kwa kaka wa mama yao. Mambo yamebadilika, bila shaka. Uislamu na Ukristo vimeleta hesabu zao za urithi, shule imeleta majina ya ubini, na mkorosho nao umefanya kazi yake kimyakimya: mti unaozaa kwa miongo mingi humfanya baba aliyeupanda atamani mwanawe wa kumzaa aurithi, asimwachie mpwa. Hata hivyo, nenda kwenye msiba au kwenye harusi Kitangari, uone ni nani anaitwa pembeni kabla uamuzi haujatangazwa.

Familia hizi mchanganyiko hazikudondoka kutoka angani. Wabenediktini wa Kijerumani wa Mtakatifu Ottilien walifika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Vita vya Majimaji vya 1905 viliteketeza misheni zote mbili, na 1906 wakaanza upya Ndanda, chini ya miteremko ya uwanda wa Makonde, kando ya barabara inayotoka Masasi kwenda Lindi. Kwa zaidi ya karne moja Ndanda imepokea mabruda, masista, madaktari, mafundi seremala na wapiga chapa kutoka Ujerumani. Wengi wao walikuwa watawa, kwa hiyo hawakuacha watoto, lakini waliacha njia. Katika njia hiyo wamepita madaktari walei, wahandisi wa maji, walimu, na tangu 2008 vijana wa kujitolea wanaoletwa na mpango wa serikali ya Ujerumani uitwao weltwärts, ambao huwaleta wakiwa na miaka kati ya kumi na minane na ishirini na nane. Katika umri huo mtu hupenda. Wengine hurudi kwao na picha, wengine huondoka na mchumba.

Ng'ambo ya Ruvuma habari ni nzito zaidi. Kuanzia 1979 Msumbiji ilipeleka maelfu kwa maelfu ya vijana kufanya kazi katika viwanda vya Ujerumani Mashariki, na ukuta wa Berlin ulipoanguka wengi wao walirudishwa kwao. Wakaacha watoto kwa mama wa Kijerumani, na watoto hao sasa ni watu wazima wanaowatafuta baba zao Maputo, Nampula na kwingineko. Kwa mila ya Kimakonde hawakupoteza ukoo, kwa kuwa ukoo wao ni wa mama na waliachwa nao. Walichopoteza ni upande wa baba, nao ni upande wenye shangazi, wenye utani, na wenye bibi anayemdekeza mjukuu asiye na madai naye. Watu wazima wanaotumia miaka yao ya arobaini kutafuta bibi ni ushahidi tosha kwamba upande huo nao una thamani. Kwa hiyo mtoto wa mama Mmakonde na baba Mjerumani asidhani amesamehewa safari.

Historia yetu inayo mifano ya watu waliojaribu kuunganisha pande hizi mbili wakazuiwa, na mmojawapo unauma zaidi ya mingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa 1903 ni kazi ya mkono wake, ingawa jalada lina jina la Carl Velten. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, binti wa Berlin, na mwaka uliofuata wakapanda meli kuja pwani kwao. Serikali ya kikoloni haikumruhusu mke wake ashuke. Mwanamke Mjerumani aliyeolewa na Mwafrika, akae katika koloni ambamo heshima yote ya mtawala ilisimama juu ya rangi? Ikawabidi warudi Ulaya. Mtoro akaendelea kufundisha Hamburg na Berlin, akafa 1927. Kwa hiyo Bagamoyo haikumpokea mkwe wake, na haikuulizwa kama ilitaka kumpokea.

Bayume Mohamed Husen naye aliuawa na jambo hilohilo, safari hii kwenye ardhi ya Ujerumani yenyewe. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, mtoto wa askari, akaingia jeshini akiwa bado mtoto, na alijeruhiwa katika vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, kule kwenye bonde la Lukuledi ambako leo basi la Masasi hupita bila abiria kugeuza shingo. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara ya askari iliyokuwa haijalipwa. Akaoa Mjerumani, akapata watoto, akafanya kazi ya uhudumu, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu. Wanazi walimkamata 1941 kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, na alifia katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Mbele ya nyumba aliyoishi, Brunnenstraße jijini Berlin, kuna kibao kidogo cha shaba kilichochomekwa njiani tangu 2007. Mzazi anayepeleka watoto Berlin na kuwapitisha Brandenburg Gate bila kuwafikisha pale amewanyima kitu.

Bibi Salme binti Said wa Zanzibar, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, anatupa somo la namna nyingine. Aliolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, mwaka 1867, akazaa, akafiwa na mume 1870 baada ya ajali ya tramu. Mwaka 1885 alirudi Unguja na watoto wake kuwaona ndugu aliowaacha miaka kumi na tisa nyuma. Watu wa mjini walimfurahia. Kaka yake, Sultani Barghash, alikataa kumpokea. Na ni vigumu kumlaumu Barghash peke yake, maana dada mtu aliwasili wakati manowari za Bismarck zimetia nanga mbele ya kasri, huku akidai urithi wake. Nani angefungua mlango? Familia zinazokwenda leo na madai mfukoni, kiwanja hiki, mchango ule ambao mjomba aliahidi, gharama za masomo ambazo babu hakumalizia, zimsome Salme kabla ya kukata tiketi. Urithi una wakati wake na wakili wake. Ziara ya watoto ipelekwe mikono mitupu, isipokuwa zawadi.

Na zawadi ya kusini inajulikana. Korosho iliyobanguliwa nyumbani haifanani na ile ya pakiti. Akina mama wa Newala huzikaanga juu ya bati lililotobolewa mpaka mafuta ya ganda yashike moto na moshi mweusi ufunge uwanja, kisha huzimwagia mchanga au majivu, wanakaa chini na kijiti au jiwe, na kugonga moja moja. Vidole hupakwa majivu kwanza, la sivyo mafuta yale huchubua ngozi kama maji ya betri. Ndoo nzima hutoa kiasi cha kujaza bakuli. Mtoto aliyekaa kwenye uwanja ule, akavutwa sikio kwa kula kabla ya kazi kwisha, atakuwa na la kumsimulia bibi wa Kijerumani mezani. Korosho za kukaanga hazina shida mpakani. Nyama na maziwa, kwa upande mwingine, sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuingia navyo, hivyo ile nyama kavu ya mama mkwe ibaki Masasi.

Kosa kubwa la familia nyingi linaanzia kwenye ratiba. Wiki tatu, miji saba: Frankfurt, Köln, Hamburg, Berlin, München, na mwisho siku mbili kwa bibi kijijini. Picha hujaa kwenye simu na bibi anabaki mgeni. Mpango unaofaa ni kinyume chake, yaani nyumba moja, kitanda kimoja, na majukumu. Mtoto aamke na babu kwenda kununua mikate asubuhi. Avue viatu mlangoni avae ndala za ndani kama wenyeji, ambao huweka jozi za akiba kwa ajili ya wageni. Akae kwenye meza ya kahawa na keki Jumapili alasiri, saa tisa au saa kumi, bila kudonoa simu, kwa sababu pale ndipo mambo ya ukoo wa Kijerumani huzungumzwa: nani kaumwa, nani kaachana, nani kauza shamba. Ni baraza yao. Maduka yamefungwa siku hiyo, hakuna pa kukimbilia.

Wajerumani wanasemwa kwamba hawana ukoo. Maneno haya si ya kweli, na yanavunja moyo watoto kabla hawajasafiri. Ukoo wao umeandikwa zaidi ya unavyosimuliwa. Nyumba nyingi zina jalada la familia lenye vyeti vya ndoa, vizazi na vifo, linaloanzishwa siku ya kufunga ndoa katika ofisi ya usajili. Vijijini, daftari za kanisa hurudi nyuma karne kadhaa. Mtoto wa Newala aliyezoea kutajiwa ukoo kwa mdomo, na mzee anayebadilisha jina moja au mawili kila mwaka, atashangaa kuona jina la bibi wa bibi yake limeandikwa kwa wino mwaka ambao hapa kwetu Majimaji ilikuwa haijapiganwa. Mwachie aguse karatasi. Kisha mwambie babu wa Kijerumani aandike majina ya Newala kwenye jalada hilohilo, upande wa pili, mpaka yatoshe. Huenda hii ni kazi bora ya mchana mmoja kuliko kasri lolote la Bavaria.

Wao pia wana kitu kinachoikaribia sherehe ya kumvusha mtoto rika. Siku ya kwanza ya darasa la kwanza, mtoto wa Kijerumani hubebeshwa koni kubwa ya karatasi ngumu, nusu ya urefu wake, imejazwa peremende, kalamu za rangi na vijizawadi. Babu, bibi, wajomba na shangazi huja, picha hupigwa, chakula huliwa. Si likumbi, yaani kambi ya jando; hakuna anayelala porini wala anayeimbiwa nyimbo za siri, lakini wazee hukusanyika kwa ajili ya mtoto mmoja na kumwambia sasa umekua. Familia yenye mtoto wa miaka sita ingefaa kuilenga siku hiyo kama likizo za pande mbili zingekubaliana.

Hazikubaliani kirahisi. Shule za Tanzania hufunga Juni, wakati ambapo Bavaria watoto bado wako madarasani, kwani likizo yao ya kiangazi huanza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti na kwenda hadi katikati ya Septemba. Majimbo mengine hufunga mapema zaidi, na tarehe huzungushwa kila mwaka, kwa hiyo swali la kwanza kwa mjomba liwe: ninyi mko jimbo gani, na mnafunga lini? Anayekwenda Juni bila kuuliza atawakuta binamu wakirudi shuleni mchana wamechoka. Desemba inafaa zaidi kwa watu wa kusini. Shule zetu zimefungwa, Wajerumani wako nyumbani kwa Krismasi na ndugu wote wamekusanyika, na, hili si dogo, minada ya korosho iliyoanza Oktoba imekwisha kuwalipa wakulima wengi. Baridi ni kali. Watu wa Newala hujisifu kwa upepo wao wa Juni pale Shimo la Mungu. Mwezi mmoja wa Januari kule Ujerumani utawatoa majisifu.

Pesa, basi. Safari ya watu wanne haichangishwi kwa miezi miwili. Inahitaji misimu miwili au mitatu ya korosho, na inahitaji mzigo uuzwe kwa stakabadhi ghalani kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, usitoroshwe kwa kangomba, ule ununuzi usio rasmi. Sababu ni ya kiuchumi na pia ya kiofisi: anayeuza kwa kangomba hana karatasi, na ofisi ya viza haijali maneno. Inataka kuona kwamba mwombaji ana cha kumrudisha nyumbani. Mkulima wa Masasi mwenye mikorosho mia mbili na nyumba ya bati ana sababu nzuri ya kurudi kuliko vijana wengi wa Dar es Salaam wenye barua za ajira, lakini shamba lake halina hati na akaunti yake hujaa Novemba na kukauka Machi. Wapo wenye hatimiliki za kimila zilizotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hati hiyo, pamoja na stakabadhi za AMCOS za misimu mitatu na taarifa ya benki, ni mzigo wa maana kwenye meza ya Umoja House, jengo la Dar es Salaam lenye ubalozi wa Ujerumani.

Masharti mengine yanafahamika. Mtoto mwenye uraia wa Kijerumani kupitia mzazi wake hahitaji viza, anahitaji pasi tu, na kumtafutia pasi mapema ni nusu ya safari. Wasio na uraia huo huomba viza ya Schengen: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nusu yake kwa mtoto aliyetimiza miaka sita na bado hajafikisha kumi na miwili, bure kwa aliye chini ya sita. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Kukaa ni siku 90 katika kila 180. Ndugu aliyeko Ujerumani anaweza kutia saini hati ya dhamana katika ofisi ya wageni ya wilaya yake, kwa euro 29, akiahidi kulipia gharama za wageni wake. Mzazi mmoja akisafiri na watoto, wa pili aandike ridhaa. Hapa ndipo familia zilizotengana hukwama, na hapa ndipo wazee wa ukoo wangetumika vizuri zaidi kuliko kupigiana simu za matusi.

Kuna jambo moja la serikali ya Ujerumani ambalo halistahili kunyamaziwa. Tangu Julai 2025 imefuta, duniani kote, utaratibu uliomwezesha aliyenyimwa viza kuuandikia ubalozi barua ya kuomba uamuzi upitiwe upya. Amebakiwa na njia mbili: kuomba tena na kulipa tena, au kufungua kesi katika mahakama ya utawala ya Berlin. Mwulize bibi wa Nanyamba anayetaka kumwona mjukuu wake wa Stuttgart kama ana wakili Berlin. Serikali hiyohiyo, kwa kinywa cha Rais Frank-Walter Steinmeier, iliomba radhi Songea tarehe 1 Novemba 2023 kwa mauaji ya Majimaji, na maneno yake pale yalikuwa mazito na yalipokewa kwa heshima. Radhi hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama bibi yule angepata mtu wa kumjibu barua.

Wenye ndugu wa damu Ujerumani ni wachache. Lakini hata wao wasisahau kwamba sehemu ya uwanda wa Makonde inaishi Leipzig. Mwaka 1906, moto wa Majimaji ukiwa haujapoa, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alikuja kusini. Alikuwa amekusudia kwenda Kondoa Irangi, hali ya machafuko ikambadilishia njia, naye akapita Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta na msafara wa wapagazi. Alinunua na kukusanya vinyago vya kuvaa, ngoma, vyombo vya nyumbani na silaha. Alipiga picha, akachukua filamu za ngoma, na akarekodi nyimbo kwenye silinda za nta. Vitu vile viko katika Makumbusho ya Grassi mjini Leipzig, na sauti ziko Berlin, katika hifadhi ya kurekodi sauti iliyoanzishwa 1900. Weule aliandika kitabu chenye maneno ya kuudhi kuhusu watu aliokula chakula chao, na hakuna sababu ya kumpamba. Sauti alizozibeba, hata hivyo, ni za watu wa Newala. Mtoto wa miaka kumi anaweza kusimama mbele ya barakoa ya ngoma ya midimu iliyochongwa uwandani kabla babu yake hajazaliwa na kutambua chale za usoni, zilezile alizoziona kwa bibi mzaa bibi kabla hajafariki.

Pendekezo kwa wazazi: mjomba wa Kijerumani ndiye awapeleke watoto Leipzig, wala si shirika la utalii. Akae nao mbele ya kabati la kioo, aulizwe maswali ambayo hana majibu yake. Inafaa aulizwe. Wajerumani wengi hawajui kwamba Newala ipo, na hawajui kwamba mwishoni mwa Novemba 1917 Kapteni Theodor Tafel alisalimisha jeshi lake jirani na hapo, siku chache baada ya Lettow-Vorbeck kuvuka Ruvuma akiwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi, na akiwaacha watu wa uwanda na ghala tupu. Hawajui habari hizo kwa sababu hawajawahi kuwa na mpwa wa kuwauliza.

Upande wa pili wa barabara nao una deni. Wajerumani wanaokuja kuona ndugu zao kusini hupenda kufikia hoteli ya Mtwara ufukweni, wakapanda Newala kwa siku moja, wakanunua kinyago barabarani wakashuka. Mama mkwe aliyechinja kuku wawili na kupika ugali wa muhogo kwa ajili yao huona ameachwa mlangoni. Nao wapangiwe nyumba moja, kitanda kimoja na majukumu. Wabebe ndoo ya maji, maana Newala maji bado ni hadithi ndefu, yakipandishwa kwa pampu kutoka bondeni tangu miaka ya 1950. Wakae uwanjani kwenye korosho na majivu vidoleni. Wakitaka kuondoka mapema, watani wawepo wa kuwachelewesha.

Haya yote yana tarehe ya mwisho, na si ya mzazi kuipanga. Ujerumani, tangu tarehe 27 Juni 2024, inaruhusu mtu kubaki na uraia zaidi ya mmoja. Tanzania, kwa sheria yake ya uraia ya 1995, humvumilia mtoto mwenye uraia wa nchi mbili, lakini akifikisha miaka 18 humtaka auache mmoja. Marekebisho ya sheria yaliyopitishwa na Bunge mwanzoni mwa 2025 yameleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, na ni hatua, ingawa hadhi si uraia na haimpi mtu kura. Kijana wa Masasi ataketi siku moja mbele ya fomu ya kuchagua uraia. Aliyelala kwa bibi wote wawili, akamzika babu pamoja nao, akagombana na binamu wa pande zote, atachagua akijua anaacha nini. Ambaye hakupelekwa popote atachagua pasi inayomwezesha kusafiri bila viza, na wazee wa Newala wasije wakamlaumu.

Mwenye mtoto wa miaka minane sasa ana misimu kumi ya korosho mbele yake. Miwili ya kwanza itoshe kwa pasi na akiba, na msimu wa tatu barua iende kwa mjomba kumwuliza likizo yao inaanza lini.